Koti la Buluu Alilokupa Mama

Kazadi, mdogo wangu wa tumbo moja,

Juzi nilipata ujumbe wako. Baada ya miezi saba ya kimya umeandika mistari miwili tu: koti lako la kurukia angani limechanika, na kama nitaona jingine la manyoya kwenye mitumba yangu nikuwekee, kuna rafiki yako atapita Kolwezi. Hukuuliza habari za mtu yeyote. Nilikuwa sokoni Dilala, mteja yuko mbele yangu. Nikaisukuma simu chini ya nguo.

Basi nikukumbushe lile koti lilitoka wapi, maana inaonekana umesahau.

Ulikuwa umeacha kuchimba mawe ya shaba mashimoni, umejifunza parapanti, ule mwavuli wa kurukia angani, kwa yule mzungu wa mgodini. Mtaa wetu wote wa Kapata ulikujua. Jumapili ulipanda kilima cha udongo wa mgodi wa zamani, ukakimbia na lile tambara kubwa nyuma yako mpaka upepo ukakubeba. Mama alikuwa anafumba macho hadi mtu amwambie, "Amefika chini." Mzungu aliporudi kwao milimani, akakuita uende kufanya naye kazi ya kurusha watalii. Alikuonya jambo moja: huko juu ni baridi, njoo na koti la kweli.

Jumamosi tatu ulishinda kwenye meza yangu. Mimi niliyeuza mitumba miaka yote ile, wewe ndiye uliyenifundisha kuchagua. Ulipuliza kitambaa cha koti kwa mdomo. Pumzi ikitokea upande wa pili, ulilitupa. Ulilifinya koti ngumini uone kama litajaa tena. Uliinua mikono yote miwili kama mtu aliyeshika kamba za kuongozea, kwa sababu kifundo cha mkono kikibaki wazi kinaganda. Mifuko lazima ifungwe, kinachoanguka kule hakiokotwi. Yale mazito uliyakataa, ulisema mikanda ya kiti unachokalia angani haitafunga juu yake. Mwanamke mmoja akaniuliza kama huyu anayesimama sokoni mikono juu ana kichaa. Nikamjibu kwa majivuno, "Ni mudogo yangu. Ye anaruka."

Hakuna lililokufaa. Ndipo ukaja nyumbani, ukaliona la buluu kwenye kiti cha mama.

Lile nilikuwa nimelitoa kwenye mzigo kwa ajili ya kifua chake. Unajua asubuhi za Juni zilivyo Kapata, na nyumba zile zilivyo na nyufa. Ukalipuliza. Ukalifinya. Ukalivaa, ukainua mikono.

"Ile ni ya mama," nikakuambia.

Hukulivua.

"Umuachie," mama akaniambia. "Ye njo anaenda kule juu. Mi niko na mbabula," akaelekeza kidole kwenye jiko la makaa miguuni pake.

"Mama, nitakutumia ingine, ya muzuri kupita hii."

"Ndiyo, mutoto yangu."

Mwanzoni ulipiga simu kila wiki. Kila ulipokata, mama aliniuliza, "Hakusema kitu ya koti?" Nikamwambia liko njiani. Uongo huo niliusema mpaka baridi ikaja. Alikaa magoti yakigusa ile mbabula, amejifunga vitenge vyangu viwili, anakohoa, na moshi wa makaa unazidisha kikohozi. Nikapata koti jingine sokoni, zito, zima kabisa. Akakataa hata kulijaribu. "Mutoto yangu atatuma," alisema. "Akikuta nimevaa ya mwingine, atajisikia mubaya."

Alikufa Julai ya mwaka jana, akikungoja.

Nilipokupigia, nyuma yako nilisikia watu wakicheka. Ukaniita kama unavyomwita dada mkubwa, "Yaya, sasa haiwezekani. Tuko mu sezo, wakati ya kazi mingi, batu banakuya kuruka kila siku." Siku ya maziko binamu yetu akanionyesha picha uliyoiweka: uko angani, buluu tupu, koti na mbingu, unatabasamu. Labda ilipigwa zamani. Sikukuuliza. Niliogopa utanijibu kwamba ni ya siku ile ile.

Nina uchungu nawe, Kazadi, na sitauficha kwa maneno ya kanisani. Lakini sehemu ya uchungu huo ni yangu. Ningeweza kukuvua lile koti. Wewe ulikuwa mdogo wangu, nilishakuvua nguo mara nyingi ulipokuwa mtoto, ukilia. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda kusema sokoni kwamba ndugu yangu anaruka. Mama alitoa kwa upendo. Mimi nilitoa kwa sifa, na kilichotolewa hakikuwa changu.

Koti sitatafuta. Rafiki yako akipita nitampa kiti na maji ya kunywa, ataondoka mikono mitupu.

Wewe ndiye uje. Mvua za mwaka jana zililainisha udongo, msalaba wa mama umelala upande. Nimeusimamisha mara mbili peke yangu na umeanguka tena. Msalaba unahitaji mtu mmoja aushike huku mwingine akishindilia udongo. Mvua nyingine ziko karibu. Usije kwanza nyumbani. Pitia makaburini, unikute huko.

Ni mimi, yaya wako uliyemwacha Kapata