Tambi za marehemu Salimu

Dada yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku Bellevue, Johannesburg. Mimi mzima, ila baridi inanitafuna magoti. Mwanangu Rehema bado yumo kwenye eda, na tangu mumewe azikwe hali chochote, ni chai tu.

Jana akaniambia, "Mama, natamani tambi za Kijapani, zile za Salimu." Unajua marehemu alikuwa mpishi kwenye hoteli ya Kijapani. Sasa mimi tambi nazijua za kwetu Tanga, nikatia tui, sukari na iliki. Mama Furaha, jirani yetu Mkongo tunayepika naye jiko moja, akachungulia sufuria.

"Mama, hii ni ya kufuturu? Salimu alikuwa anatia kabichi, karoti, nyama kidogo na sosi nyeusi. Moto mukali, unageuza mbio mbio."

Tukacheka kidogo, tukaanza upya.

Sosi ilipogusa kikaango cha moto, harufu ikafika mpaka chumbani. Rehema akatoka mbio, kanga inaburuta, uso umemchangamka. Nadhani alisahau kidogo, dada. Akaniona ni mimi niliyeshika mwiko, akakaa chini pale pale mlangoni.

Nimemlisha kwa mkono wangu kama alipokuwa mdogo. Akala huku analia, mpaka sahani ikaisha. Leo ameziomba tena.

Basi tuombeeni. Na wewe ujifunike kifua ukilala, nakujua. Mungu akuweke mpaka nirudi.

Mdogo wako,
Mama Rehema