Pete Yako Haikuzaliwa Mtoni

Mpendwa Mama Neema,

Kaa vizuri huko uliko. Mimi habari hii ilinikuta nimesimama na sahani ya sombe, majani ya muhogo, mkononi, na viatu vyangu vingali na rangi ya majani hayo.

Unakumbuka dhahabu ya pete yako kaka zako waliitoa mtoni, kule kwenu Kalembe. Siku nilipokuvisha, ulinichoma na kidole: "We mwanaume wa maharagi, usijidanganye. Hii iko ya mto. Nikikufa, muirudishe." Nikacheka. Mkulima wa maharagi wa Burungu kama mimi nilijua dhahabu inaota chini ya maji, kama viazi.

Jumapili tulikusanyika kuondoa kilio chako. Mama yako akabeba kasiksi, pombe ya ndizi, ya kumwagia mto, pete ameifunga kwenye kitambaa. Neema wetu akamshika mkono, analia. Tulikimbia vita mikono mitupu. Hana kitu kingine chako. Akamwambia bibi yake:

"Koko, sikiliza kwanza. Hii dhahabu haikuzaliwaka mu mto."

Anasoma fizikia Goma, unajua. Akatueleza: nyota mbili zilizokufa ziligongana, kabla ya dunia hii kuwapo. Humo vikazaliwa viini vya atomu vilivyoshiba nyutroni kupita kiasi, kama mimi siku ya harusi yetu. Kiini cha namna hiyo hakitulii. Nyutroni inageuka protoni, elektroni inarushwa nje, tena na tena, kinakuwa kitu kingine na kingine, mpaka kipate utulivu. Vingine hutulia vikiwa dhahabu. Na joto la kugeuka huko linang'arisha anga. Wataalamu wameshauona mwanga wa migongano ya namna hiyo.

Sahani ilinidondoka hapo, Mama Neema. Miaka yote nilishika ule mkono nikidhani ni mkono tu!

Mama yako alikigeuza kitambaa mkononi. Kisha akauliza, "Ile nyota zilikuwa zimekufa kweli?"

"Zilikufa, Koko."

"Basi mto nayo ilirithi kwa wafu." Akafungua kitambaa. "Leta kidole, mutoto."

Kasiksi tulimwaga hata hivyo. Kama umekasirika, gombana na mama yako. Mimi ni mkwe tu.

Lakini Neema akigeuza kurasa za kitabu, naona pete, nashtuka, nageuka kukutafuta. Dhahabu ilishatulia. Mimi bado.

Pumzika, mpenzi.

Mume wako,
Papa Neema