Kiti Alichochora Baba

Kambi ya Shamba la Kahawa,
Ruiru.
9 Juni 1957

Mpendwa kaka Kaleli,

Kabla ya salamu, acha nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Barua tatu za mwisho ulizopata kutoka kwa Baba nilizitunga mimi. Hata ile iliyokukataza kurudi kabla ya kumaliza masomo ni yangu. Mwandiko ni wake, maneno si yake.

Sasa nikusalimu. Hujambo huko Kampala? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi wa nyumbani miili ni mizima. Kahawa ya mapema tunaichuma, na Mama kila siku anauliza kama unakula.

Alhamisi nilimpeleka Baba kwa daktari mmoja Thika, niwe mkalimani. Daktari alimpa penseli, akaniambia nimwombe achore kiti. Nilitaka kucheka, kaka. Fundi aliyetengeneza viti vyote vya kanisa letu! Baba akapiga mistari miwili, akasimama, akaniangalia kama mtoto aliyesahau aya yake mbele ya watu. Basi daktari akachora kiti yeye mwenyewe, mguu mmoja umepinda, akataka Baba akinakili. Akakinakili vizuri sana, pamoja na ule mguu. Baba tunayemjua angemwuliza daktari anataka kumwangusha nani.

Daktari alieleza kwamba kuna ugonjwa mwingine ambao mtu hawezi hata kunakili, na huo si wa Baba. Macho na mkono vingali vizima. Kiti chenyewe ndicho kilichotoka kichwani. Dawa hana, na Baba hatarudi alivyokuwa.

Mimi nilijua tangu Februari. Kukuandikia alikuwa ameshindwa, kwa hiyo nilimwekea barua yangu mbele naye akainakili. Niliogopa ukiacha masomo Mama atavunjika moyo. Mara ya mwisho Baba alipomaliza aliweka kalamu chini, akasema, "Huyu Kaleli ana bahati. Babake humkumbuka."

Amekusahau, kaka. Na mimi ananiita kwa jina siku moja moja tu. Njoo, usingoje Desemba. Labda akiuona uso wako.

Shangazi Syombua na mzee Mwanzia wanakusalimu sana. Mungu akushike mkono njiani mpaka ufike.

Nasikia hatua za Baba zinakuja mlangoni. Naificha karatasi hii, maana akiiona ataketi ainakili yote, hata hapo niliposema amekusahau.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Mbithe