Wewe Cherehani, Mimi Paka

Kwa Maganga Nkuba,
Dukani kwa Alinanuswe,
Igawa.
24 Novemba 1977

Mpendwa dada Regina,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu sana wewe, shemeji Danieli na watoto wote. Hujambo dada? Mgongo unaendeleaje? Anania wa basi aliniambia kwamba ulilala siku tatu huwezi hata kuinama. Pole sana. Acha kuinua yale masufuria ya jikoni hospitali peke yako, hao wasichana wanaokusaidia wana mikono. Na Juliana, kile kifua kimemwacha? Mpe asali, asitoke na unyevu wa asubuhi, maana najua baridi ya Tosamaganga.

Huku sisi tu wazima wa mwili. Maganga mzima, mama mkwe mzima, watoto wanakwenda shule. Mvua ilianza Jumapili ya tarehe kumi na tatu, na mpunga tumeshapanda wote. Ningefunga barua hapa ungesema Kalista ana raha zake. Sina raha, dada. Nakuandikia juu ya Sista, na wino huu naandika huku nalia.

Najua unatikisa kichwa. Hata siku ile ya kugawana vitu vya marehemu mama ulitikisa kichwa hivyohivyo. Mjomba Abrahamu alipouliza kila mmoja anataka nini, wewe ulisema cherehani, mimi nikasema paka. Watu walicheka mpaka mjomba akamwaga pombe yake. Ukanivuta kando ukaniambia nisijifanye mjinga, nichukue hata sufuria kubwa. Nikachukua paka, huyu Sista, na kifuniko cha sufuria, kwa sababu sufuria lenyewe lilikuwa limetoboka. Nikasafiri mpaka Usangu na kapu mapajani, na abiria wote wakijua kuna nini ndani, kwa kelele alizopiga.

Kile kifuniko unajua nilikitakia nini. Mama alikuwa anakigonga kwa mwiko, mara mbili, ananyamaza kidogo, halafu mara moja. Hapo Sista anatokea kokote alikokuwa, na nguo yake nyeusi na ukosi mweupe kama masista wa misheni. Mama alisema jikoni kwake lazima awepo hata mmoja anayesali.

Nilikuandikia mwaka jana kwamba aligongwa na lori hapa barabarani, akapona, akabaki anatembea upande upande. Tukadhani yamekwisha. Miezi miwili baadaye akaanza kufunga choo. Anakwenda kwenye majivu, anachuchumaa, anajikamua mpaka macho yanamtoka, halafu anarudi bila kitu na kujilaza. Siku tatu, siku nne, siku sita. Chakula akakisusa, akawa anatapika maji ya njano.

Mama mkwe, huyu Mbuke ninayekuandikia habari zake kila mara, aliniambia nimpe mafuta ya nyonyo, kwa kuwa wao ndama akifunga humpa hayo. Nikampa kijiko kizima. Sitaki hata kukumbuka. Alitapika na kuhara siku mbili, na lile donge likabaki humohumo. Ndama si paka. Hilo nililijua nilipokwisha kumtesa.

Ndipo nikampeleka kwa bwana mifugo wetu, Edmund, Mbena mmoja mwenye maneno machache anayekuja hapa siku za josho. Nilimngoja amalize ng'ombe, nikamtolea Sista kwenye kapu. Wanaume waliokuwa pale josho walicheka sana. Yeye hakucheka. Alimbonyeza tumbo, akampima nyuma kwa kidole, akasema mfupa wa nyonga uliunga umepinda, njia imekuwa nyembamba, na chochote kigumu kikifika pale kinakwama. Akachemsha maji, akayapoza, akatia sabuni kidogo, akamwingizia kwa bomba la mpira huku mimi nimemviringisha kwenye kanga. Makovu ya kucha bado ninayo. Lakini alipata choo, na nililia mbele ya wanaume wale bila aibu.

Edmund alinieleza wazi kuwa ugonjwa huo hautapona, utatunzwa tu. Mfupa wa samaki asipewe, ugali mkavu asipewe, ale vitu laini vyenye maji. Na panya asile kabisa. Panya ana mifupa na manyoya, na vyote viwili vinakwenda kukaa palepale pembamba. Nikamuuliza paka asiyekula panya ni paka gani. Akasema ni paka aliye hai.

Nikakuandikia, nawe ukaniletea ile chupa ya mafuta meupe mazito ya kulainisha choo kwa mkono wa Anania. Mungu akuzidishie, dada. Pamoja na chupa uliweka karatasi yenye maneno makubwa kama unamwandikia asiyejua kusoma: USIMMIMINIE KOONI, YATAINGIA MAPAFUNI. Nilicheka, nikaibandika ukutani juu ya mtungi. Ipo mpaka leo.

Basi tukaanza maisha hayo. Boga nikilichemsha na kuliponda, nalichanganya na mchuzi wa kambale niliyemtoa mifupa kwa vidole vyangu, natia kijiko cha chai cha yale mafuta, asubuhi na jioni. Maji nilimwekea mahali patatu, maana niligundua akiyakuta njiani anakunywa zaidi kuliko akiyakuta kando ya chakula. Na kila asubuhi nilikwenda kufukua majivu kuona kama amepata choo na kiko vipi. Maganga akaniita karani wa mavi. Akirudi kutoka shambani ananiuliza mbele ya wageni, "Karani, leo ofisi imefunguliwa?" Namjibu imefunguliwa, mzee, na kazi imefanyika vizuri. Dada, siku zile nilikuwa na raha na sikujua kuwa ile ndiyo raha yenyewe.

Miezi minane alikaa ndani, mlango umefungwa, dirisha nimelizibia kwa matete. Akanawiri, manyoya yakang'aa. Alikuwa anakaa dirishani akisikiliza ghala. Ghala letu liko hatua ishirini tu kutoka jikoni, na paka mwingine hatukuwa naye.

Mwezi wa kumi Maganga aliinua gunia la mbegu, mpunga ukamwagikia miguuni. Chini lote lilikuwa limetafunwa. Tukaangalia la pili, hivyohivyo. Panya walikuwa wamezaliana humo kama wamepewa kijiji chao. Tulitega mitego, siku ya kwanza wakanasa sita, siku ya nne hakunasa hata mmoja, wameshaijua. Nikaazima paka wa Alinanuswe mwenye duka, akakaa siku mbili akarudi kwao. Maganga akataka kuweka sumu. Nikamwambia panya aliyekula sumu akimpitia Sista mlangoni tumemwua. Akasikia, hakuiweka. Mume wangu si mtu mbaya, dada, usije ukamfikiria vibaya kwa yanayofuata.

Aliniambia kwa sauti ya chini tu, tukiwa tumekaa na mama yake: "Kalista, mbegu ikiisha hapa hakuna wa kutupa nyingine. Watoto watakula huyu paka?" Wewe ungekuwepo ungemjibu nini?

Siku ya Watakatifu Wote, baada ya sala, nilikwenda kufungua mlango mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Nataka ulijue hilo vizuri, kwa sababu watu hapa wananifariji kwa kusema ni shauri la Mungu. Mungu hakushika komeo. Nililishika mimi.

Nilijipa moyo kwamba nitakaa naye. Nikapeleka kigoda ghalani na bakuli la mchuzi, kila akiua panya nimnyang'anye nimpe mchuzi badala yake. Ungemwona! Kilema yule, mzee wa miaka kumi na mmoja, aliruka kama amezaliwa juzi. Siku ya kwanza aliua tisa. Alikuwa ananiletea miguuni, ananitazama, nachukua panya, namwekea mchuzi. Lakini mimi nina shamba la kuandaa, nina watoto, nina kuni. Nikiondoka anakula. Nikirudi nakuta mkia tu. Nilimwongezea mafuta, vijiko viwili badala ya kimoja, nikijidanganya kuwa yatasukuma yote.

Ghala likatulia. Magunia sita yakabaki salama, mvua ikaja, tukapanda. Jumatatu baada ya mvua nikamrudisha ndani, nikafukua majivu, nikakuta kidogo, kigumu kama kokoto. Tangu hapo hakuna tena. Leo ni siku ya kumi.

Edmund amekuja mara mbili kwa baiskeli, na siku hizo si za josho, amekuja kwa ajili yake tu. Amemwingizia maji, choo kimetoka kidogo sana. Anasema sasa hata njia ingefunguka utumbo wenyewe umechoka, umetanuka kama soksi ya zamani na hausukumi tena. Nikamuuliza kama Mbeya hakuna mtu wa kumpasua. Akasema hajui mtu aliyewahi kumpasua paka, na hapa alipofika, hata safari yenyewe hataimaliza. Nikamweleza ukweli kwamba nilimfungulia, kwamba alikula panya siku kumi na tatu. Akafunga mkoba wake. Afadhali angenigombeza.

Tumbo lake limekuwa gumu, ukiligusa analia bila kutoa sauti. Boga hataki. Mchuzi hataki. Kile kijiko cha mafuta nikikileta anageuza uso, na mimi karatasi yako ukutani inanitazama. Nimebaki namlowesha midomo kwa pamba.

Mama mkwe, aliyekuwa akinicheka kuwa nalea paka kama mzaliwa wangu, juzi alikuja na kikombe cha maziwa akakiweka chini, akakaa kitako hapo sakafuni. Paka hakunywa. Mama mkwe akasema, "Mke wa Maganga, paka hii imetulimia shamba." Akaondoka. Ni yeye tu aliyesema neno hilo katika nyumba hii, na limeniumiza kuliko vicheko vyake vyote.

Usiniambie ni paka tu. Nimeambiwa hapa mpaka nimechoka. Mimi sikumlilia mama vya kutosha, Regina. Nilikuwa na mimba ya Philbert, wakanikataza nisilie. Nilikuja huku ugenini ambako hakuna mtu aliyemjua mama, hakuna wa kumwambia alikuwa hivi na hivi. Yupo Sista tu. Yeye alimjua. Nikigonga kifuniko, mara mbili, halafu moja, naona kichwa kinainuka na masikio yanasimama, na kwa muda ule mdogo tunakuwa wawili tunaomngoja mtu yuleyule.

Jana niligonga. Hakuja. Aligeuza sikio moja.

Edmund atarudi Jumamosi saa kumi jioni na sindano. Anasema atasinzia kwanza, hatasikia kitu. Maganga ameshachimba kando ya ghala, bila kunieleza, nimeona udongo tu. Mimi nitamshika, sitamwachia mtu mwingine. Usinunue tena chupa nyingine ya mafuta, dada. Iliyobaki nitampa Anania akurudishie, huenda ikamfaa mgonjwa wenu huko.

Barua hii Anania anaondoka nayo kesho alfajiri, na ameniahidi kukufikishia Jumamosi kabla ya saa sita. Nina ombi moja, nawe ndiye dada yangu niliyebaki naye, usinicheke. Jumamosi saa kumi, Edmund akishamdunga, nitagonga kifuniko karibu na sikio lake, ili alale akijua mama anamwita. Wewe saa ile kaa kwenye cherehani ya mama ushone. Chochote, hata kitambaa kibovu, ilimradi gurudumu lizunguke. Zile ndizo sauti mbili za jikoni kwetu, na mimi nina moja tu. Kama Anania atachelewa, shona siku utakayosoma.

Nisalimie shemeji Danieli, Juliana na Kasian. Nisalimie mjomba Abrahamu, umwambie sikujutia nilichochagua siku ile, ninachojutia sasa ni ule mlango. Maganga na mama mkwe wanakusalimu, na Philbert anauliza utakuja lini. Mungu awalinde nyote, akuponye na huo mgongo, atukutanishe tungali na macho ya kuonana.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Kalista

Mara mbili, unanyamaza kidogo, halafu mara moja. Nimeandika kama umesahau.