Mikono ya Nekesa

Job, andika mahali: Jumanne tarehe 14 Oktoba. Siku hiyo wakubwa wa shule hapa mtaani Munuki walishindwa na mikono ya mtoto wa miaka sita.

Wageni wa shirika la misaada walikuja kutoka mtaa wa Thongpiny. Nekesa wangu akaona magari meupe, akafurahi. Unamjua akifurahi: anapigapiga mikono kama kuku anayetaka kuruka. Wageni wakadhani ndiyo salamu ya shule, nao wakapigapiga ya kwao. Watu wazima na tai shingoni, Job!

Nikaitwa ofisini. Hedimasta: "Mzee Wafula, mtoto wako ametuaibisha. Abaki nyumbani mpaka mikono itulie."

Mpaka mikono itulie!

Nesi mmoja wa hao wageni, Cate, akamwambia polepole: "Mwalimu, watoto wengi hufanya hivyo wakifurahi au wakiogopa. Wengine wana usonji, wengine hawana. Inawasaidia kutulia. Mwache tu."

Hedimasta akasema shule ina sheria. Mkubwa akikosa jibu hakosi sheria.

Na wakati wote huo goti lake linatikisika chini ya meza mpaka chai inamwagika. Goti, Job! Mimi niliyeishia darasa la nne nikauliza: "Na hilo goti, mwalimu, litafukuzwa lini?"

Nikaonyeshwa mlango.

Sasa Nekesa ameketi hapa na yunifomu yake, mikono ameikalia. Mama yake, Moraa, angekuwa hai angejua la kumwambia. Ameniuliza mara mbili: "Baba, nikifurahi niiweke wapi?"