Urani, Chuma na Baba Yako

Hillbrow, Johannesburg
12 Oktoba 2024

Mpendwa mwanangu Violeth,

Pokea salamu za baba yako mdogo. Mimi mzima, ila mgongo umechoka na zege. Miguu ya mama yako Hedwiga imepungua kuvimba? Huko Rombo mvua zimeanza?

Barua yako nimeipata, na maswali mawili. La shule: kwa nini urani inajivunja yenyewe na chuma kinakaa tu. La pili: ukimaliza mtihani uje huku kumtafuta baba yako. Nianze na la shule, maana la pili jibu lake ni hilo hilo.

Niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nilimuuliza Thabo, mlinzi wa getini kazini kwetu, aliyesoma kemia chuoni akaishia njiani. Anasema ndani ya kiini cha atomu protoni hazipatani, kila moja inamsukuma mwenzake. Nguvu inayozishika ni kubwa, lakini mkono wake mfupi, unamfikia jirani tu. Nyutroni zinasaidia kushika bila kusukuma. Kiini cha chuma ni cha kadiri, kushikana kunashinda. Cha urani kimejaa mno: wa huku anamsukuma wa kule, ila kumshika hawezi. Mwisho kinatema kipande.

"Eish, madala, si chumba chenu hicho!" akacheka; huku mzee wanamwita madala.

Nilikasirika, kisha nikaona ni kweli. Tulipokuwa wanne chumbani, mimi, baba yako, na Warundi wawili, Astère na Égide, aliyeumwa tulimpikia uji. Tulipofika kumi na mmoja, wa dirishani hakumjua wa mlangoni. Baba yako akakohoa mwezi mzima. Wakasema atoke, atatuambukiza. Tukapiga kura kwa kuinua mikono.

Na wangu uliinuka, Violeth. Nilimbebea godoro mpaka kwenye ngazi, nikarudi kulala nafasi yake, maana ilikuwa ya ukutani. Miaka miwili nimewaambia yuko mgodini kusikoshika simu. Ulikuwa uongo.

Urani ikishatema kipande si urani tena. Inakuwa kitu kingine chenye jina lingine, na inaendelea kubadilika mpaka iwe madini ya risasi. Hapo inatulia.

Mwezi uliopita nilimkuta baba yako mtaa wa Yeoville, kwenye saluni ya Mkongo aitwaye Jocelyne, anafagia nywele, mtoto mchanga mgongoni. Amenenepa. Nikamwita, "Kaka Elisante!"

"Umekosea, ndugu. Mimi Alexis."

"Alexis, unamjua huyu?" Jocelyne akauliza.

"Simjui. Kwa nywele hizo, atakuwa anatafuta kinyozi."

Wateja wakacheka. Nikatoka.

Ametulia, mwanangu. Thabo anasema risasi hairudi kuwa urani, hata uililie.

Kwa hiyo usije. Chumba kimejaa, na siku wakisema mikono juu nitauinua wangu tena, hata ukiwa wewe.

Nisalimie bibi na wadogo zako. Mama yako msomee barua hii yote, usiruke mstari. Kile kidari cha mbuzi mnachomwekea baba yako kila Krismasi kwa kuwa ni mwana wa kwanza, mpaka kinapoa mnawapa mbwa, mwaka huu kileni kikiwa cha moto.

Mungu akufungulie kichwa kwenye mtihani.

Wako akupendaye,
Baba mdogo Filbert