Fomu Tatu za Njoki

Karakana ya Mbaabu,
Meru Mjini.
Jumamosi, 12 Septemba 1987.

Kwa dada yangu Marcella,

Pokea salamu zangu na za wote walio huku. Nakuuliza kwanza habari ya mgongo wako, halafu ya bwana na watoto, halafu ya mvua huko Kiritiri, ingawa ya mvua jibu lake nalijua. Huku tumepata manyunyu kidogo. Mama yuko Kianjai na hajambo, bado anagombana na kuku wa jirani kila asubuhi, na hao kuku hawajapata kumsikiliza. Mimi nami sijambo, ukiacha jambo moja nitakaloeleza huko mbele.

Barua yako ya mwezi jana niliipata. Umesema utakuja mwisho wa mwezi huu kumchukua mwanao Njoki, umpeleke Embu kwa rafiki yako akajifunze ushonaji, kwa sababu mtoto akianguka mara tatu ni heri aambiwe ukweli. Ukaniomba mimi, mjomba wake na fundi mkuu wake, nimwambie kwamba stima si kazi yake. Nimekaa na barua hiyo wiki mbili bila kujibu. Hujanizoea hivyo, najua, lakini kulikuwa na mambo ya kupanga kwanza.

Acha nikueleze mpango wenyewe, maana nadhani hakuna aliyewahi kukueleza vizuri. Mkandarasi wa umeme akimchukua mwanagenzi kutoka chuo cha ufundi, serikali humrudishia nusu ya mshahara wa huyo mwanagenzi. Hiyo ndiyo wanaiita ruzuku. Kila miezi sita msimamizi wa kazi hujaza fomu. Akiandika kwamba mwanagenzi amehitimu, anapewa cheti, na kuanzia siku hiyo mwajiri atoe mshahara kamili wa fundi mfukoni mwake, au amwachilie aende. Akiandika kwamba bado hajafikia kiwango, ruzuku inaendelea miezi sita mingine, mpaka miaka miwili iishe. Mbaabu ndiye mwenye karakana, mwenye gari na mwenye tumbo. Kalamu ya fomu iko kwangu.

Sasa Kiogora. Utamkumbuka, yule kijana mrefu niliyekuja naye kwenu Krismasi ya mwaka juzi, akala ndengu sahani tatu na bado akaangalia sufuria. Alikuwa mwanagenzi wetu kabla ya Njoki. Kazi yake ilikuwa safi, nikaandika kwamba amehitimu. Mbaabu aliisoma fomu, akanisifu kwa kufundisha vizuri, na jioni hiyohiyo akamwachilia. Kiogora akamwaga unga, cheti kikiwa mkononi. Alizunguka kwa wakandarasi wote wa Meru, na kila mmoja akamwambia kwamba mwenye cheti ni ghali, wao wanatafuta mwanagenzi. Leo anafunga miraa Kangeta. Nilimwona mwezi wa tano, akanisalimia vizuri sana, nikatamani asingenisalimia.

Ndipo akaja Njoki. Mimi si mtu wa kusifu, unanijua, na wanagenzi wangu wananijua zaidi. Mwanzoni alikuwa akiniita Mjomba mbele ya wateja. Nikamkataza, nisije nikaambiwa nampendelea, naye akaanza kuniita Fundi kama wengine. Kufika mwezi wa tatu alikuwa akipitisha waya darini bila kuvunja ubao hata mmoja. Kufika mwezi wa sita alikuwa akijua kosa liko wapi kabla hajafungua kisanduku. Wenye nyumba walianza kuuliza kama atakayekuja ni yule msichana ama ni wale wengine, na wale wengine walikasirika. Utashangaa kusikia haya, kwa sababu wewe umeletewa habari za fomu tatu, na zote tatu zinasema hajafikia kiwango.

Fomu ya tatu ndiyo iliyomharibu. Alianza kupima waya aliokwisha kuupima. Akimaliza kufunga soketi, anaifungua tena kuangalia. Aliandika rangi za waya kwenye kiganja chake kwa kalamu, yeye ambaye angeunganisha nyumba nzima huku akizungumza na wewe habari za kanisa. Siku moja alikuja akaniuliza, kwa heshima, kosa lake ni lipi hasa ili alirekebishe. Nilimwambia aongeze bidii. Akanishukuru, dada, halafu akaenda kufagia.

Barua yako ilipofika nikajua mambo hayawezi kuendelea hivi. Jumanne nilikwenda Embu kwenye ofisi inayosimamia mafunzo, nikaomba fomu zangu zote tatu zifutwe na Njoki apimwe upya na watu wasiomjua. Karani alidhani nimekunywa. Mkubwa wake hakudhani hivyo. Aliniambia msimamizi anayekana sahihi yake mwenyewe hawezi kuendelea kusimamia, nikasema nimeelewa, tukaandikiana.

Alhamisi nikampeleka. Walikuwa wakaguzi wawili. Walimwekea ubao wenye swichi, soketi na bulbu, wakaficha makosa manne, wakampa saa moja. Mimi nilikuwa nimeketi nje, lakini mlango ulikuwa wazi. Yote manne aliyapata haraka, hata chai waliyoniletea ilikuwa bado ya moto. Halafu akaanza tena kutoka juu. Akamaliza, akaanza tena. Walimwambia inatosha, akaomba ruhusa aangalie mara moja tu. Mwishowe mkaguzi mmoja alimtoa testa ya kupimia stima mkononi, polepole, kama unavyomtoa mtoto kisu. Wakaandika kwamba amehitimu. Huyo mkaguzi alitoka nje akaniuliza ni nani aliyekuwa akimpima msichana huyu siku zote. Nikasema ni mimi. Akarudi ndani.

Tulipokuwa tunarudi Meru Njoki alinishukuru tena. Alisema anajua nimemwombea kwa wale watu kwa kuwa yeye ni damu yangu, na cheti cha kuombewa hatakitumia. Nikamwambia kwamba kule kwenu, kwenye mabwawa ya stima, wanatafuta mafundi wenye cheti, tena karibu na nyumbani, pale ambapo nyaya kubwa zinapita juu ya mashamba yenu na nyinyi chini mnawasha koroboi. Akasema hawezi kwenda kuua watu. Amekubali kwenda kushona.

Kwa hiyo, Marcella, nakwambia sasa jambo ambalo sikuwaambia lote wale wa ofisi, na wewe unisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Fomu ya kwanza niliijaza kwa uongo kwa sababu niliogopa afanywe kama Kiogora. Hiyo naweza kuisema hata mbele ya padri. Ya pili, Mbaabu aliniita hotelini, akaninunulia chai na maandazi, akasema ruzuku ya Njoki ikikatika sote tutalia. Nikaandika. Hiyo nayo unaweza kusema nilisukumwa, ingawa maandazi niliyala.

Ya tatu sikuambiwa kitu na mtu yeyote. Mbaabu alikuwa Nairobi. Nilikuwa peke yangu na fomu mezani.

Macho yangu yamekwisha, dada. Daktari aliniambia mwaka jana kwamba ni mtoto wa jicho, na ni yote mawili. Waya mwekundu na waya mweusi, kwenye giza la darini, kwangu mimi ni rangi moja. Mwezi wa pili, kwenye kinu cha kusagia mahindi pale Kianjai, niliziunganisha kinyume. Mtu angezima swichi akidhani amezima, kumbe stima bado iko pale inamngojea. Njoki aliliona hilo, akalirekebisha kabla hatujawasha, na hakumwambia mtu. Baadaye aliniuliza taratibu kama nilikuwa namjaribu. Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo yeye anakagua, mimi natia sahihi. Angehitimu angeondoka, na angeondoka, mimi ningejulikana ndani ya wiki moja. Basi nikaandika kwamba hajui kazi, wakati asiyeiweza kazi alikuwa mimi. Nimetafuta jina la jambo hilo, jina jepesi kuliko wizi, sikulipata. Naona haya sana.

Mbaabu amekwisha kuniambia nikusanye vyombo vyangu leo. Sina ugomvi naye. Nitakaa Kianjai kwa Mama mpaka nipate nafasi ya kupasuliwa macho, na tukiwa wawili labda kuku watatuogopa.

Anayekuletea barua hii ni Njoki mwenyewe. Bahasha sikuifunga, na nimemwambia kwamba ni barua yake kama ilivyo yako. Nilitaka nimwambie kwa mdomo. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita, na mimi niliyewafokea mafundi miaka ishirini nikashindwa kufungua kinywa mbele ya mtoto wa dada yangu. Ikiwa aliisoma njiani na ameingia kwako bila kusalimu, usimkaripie, mpe chakula. Ikiwa hajaisoma, mketishe umsomee yote, hata pale utakapoona aibu kwa ajili yangu. Ushonaji ni kazi nzuri na sina neno nao, ila asiende huko kwa uongo wangu.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto, na wale majirani wanaoniuliza waambie bado niko. Mama anaomba ndengu ukipata mtu wa kuja upande huu. Wewe usinijibu upesi, nijibu ukishatulia. Lakini Njoki akikubali kwenda kuwaona wale watu wa bwawa, mwambie aniandikie yeye mwenyewe, na aandike kwa herufi kubwa.

Ni mimi kaka yako,
Muthamia